Kulala gesti kwenye mji wenye ndugu

Mtu akisema anasafiri, Watanzania tuna maswali mawili ya kumuuliza, na hayafanani. La kwanza ni "Utafikia wapi?" La pili ni "Utafikia kwa nani?" La kwanza unalijibu kwa jina la mtaa au la gesti. La pili unalijibu kwa jina la mtu, na ukilijibu kwa jina la gesti unaonekana kama unaficha jambo. Ama huna mtu kwenye mji ule, na hapo tunakuonea huruma, ama unaye na hutaki kufikia kwake, na hapo tunaanza kuulizana mmekosana nini.

Nataka tulitafakari hili swali la pili taratibu, maana naona tunalipita haraka. Je, ni haki mtu kulipia chumba kwenye mji ambao ana ndugu wa damu, mwenye nyumba na kitanda? Kama ni haki, yule ndugu anamdai nini? Na kama siyo haki, hilo ni kosa la aina gani? Ni uchoyo, ni dharau, au ni kukosa adabu tu, kama kupita mbele ya watu wazima bila kusalimia?

Mfano nitakaoutumia ni wa kwangu, kwa sababu ndio ninaoujua vizuri. Sisi tunaishi Mbeya. Mwezi wa sita mwaka jana, shule zikiwa zimefungwa, mimi na mke wangu tulipanga kuwapeleka watoto Iringa kwa siku chache. Mkubwa alikuwa amefundishwa habari za Mkwawa darasani na alikuwa hatulii, anataka kuona fuvu. Mdogo alitaka kuona chochote ambacho mkubwa ataona. Kutoka Mbeya ni kilometa 300 na kitu kwa barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Unapita Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, halafu Ipogolo, na pale unaanza kupanda kuingia mjini. Na Iringa, maeneo ya Kihesa, yupo shangazi yangu, dada yake baba, ambaye aliolewa huko mimi sijazaliwa.

Shangazi ni mjane. Nyumba yake ina vyumba vitatu. Kimoja analala yeye, cha pili wanalala wajukuu wake wawili, mabinti wanaosoma sekondari, na cha tatu amempangisha mwanafunzi wa chuo, ambaye kodi yake ndiyo inanunua LUKU na kulipa maji. Sisi tungefika watu wanne. Hesabu hiyo haihitaji kalamu. Tungelala chumba cha mabinti, na mabinti wangetandika godoro sebuleni, mwezi wa sita, Iringa.

Basi nikaanza kutafuta gesti.

Hapa niseme kidogo kuhusu upangaji wenyewe, kwa sababu maadili ya safari yamo ndani ya vitu vidogo vidogo kuliko tunavyodhani. Kwanza ni maneno. Kiswahili chetu cha huku bara kina mambo yake. Ukimuuliza mtu wa Mwanjelwa hoteli iko wapi, kuna uwezekano mkubwa akakuonyesha mahali pa kula chapati na supu. Pa kulala ni gesti, au lojing, na bango rasmi litaandikwa "Nyumba ya Kulala Wageni". Zile zenye ghorofa na mlinzi getini ndizo zinazojiita hoteli kwa maana ya kulala. Kwa hiyo mtu anayetaka malazi mazuri kwa bei anayoimudu asitafute neno hoteli peke yake, aulize gesti pia. Nyingine ni safi kuliko hoteli, na wenyewe wanaishi palepale.

Pili ni baridi. Iringa iko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba upepo wake unakutafuta mpaka ndani ya koti. Watu wa Mbeya tunajifanya tumezoea, lakini baridi ya ugenini ni tofauti, huna jiko lako la kuotea. Kwa hiyo maswali yangu kwenye simu yalikuwa ya namna hii: Chumba ni selfu au choo ni cha nje? Maji ya moto yapo, na yanatoka saa ngapi? Blanketi ni moja au mawili? Jirani kuna baa inayopiga muziki mpaka usiku? Chai ya asubuhi imo kwenye bei? Mwisho wa kutoka ni saa nne au mna huruma? Nilitaka pia tuwe karibu na soko kuu, kusudi tuweze kutembea kwa miguu hadi Boma, lile jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, na kupanda jiwe la Gangilonga jioni bila kutafuta bajaji. Stendi kuu imehamia Igumbilo, nje ya mji, kwa hiyo nauli ya kuingia mjini nayo unaiweka kwenye hesabu.

Nikapata gesti moja Miyomboni. Vyumba viwili, kila kimoja shilingi 35,000. Nikaomba wapunguze, dada wa mapokezi akasema ngoja amuulize bosi, akarudi na 30,000. Vyumba viwili, usiku tatu, ni shilingi 180,000 badala ya 210,000. Nikaridhika. Nikauliza tena habari ya maji ya moto. Akajibu, "Tunachemsha kwa kuni, kaka. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri yapo. Ukitaka mapema zaidi useme usiku." Nikauliza nani anachemsha. Akacheka. "Si mimi."

Jibu hilo nitalirudia. Kwanza nimalizie habari ya shangazi, kwa sababu nilimpigia simu siku ileile.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hamjambo huko? Watoto?"

Nikamwambia wiki ijayo tunakuja Iringa. Akafurahi, akauliza tutafika saa ngapi. Nikamwambia tumeshachukua vyumba gesti, Miyomboni, ila siku nzima ya Jumapili tutakuwa kwake. Akanyamaza. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Gesti? Kwani mimi nimekufa?"

Naamini wasomaji wengi mnalijua swali hilo, kwa maneno hayo au mengine. Ni zito kwa sababu halihusu kitanda. Shangazi ni Mnyakyusa, na katika Kinyakyusa asubuhi watu husalimiana "Ugonile", yaani umelala. Hata kwenye Kiswahili tunaulizana umelalaje, umeamkaje. Usingizi wa mtu ni habari ya watu wake. Anayelala kwako umemwona alivyolala: amekohoa, ameamka usiku, amekula au amesukuma sahani. Kumwambia shangazi kwamba nitalala mahali pengine ni kumwambia kwamba habari hizo atazipata kwangu kwa simu, nikipenda. Kuna jambo analopoteza ambalo mimi sina namna ya kumlipa kwa fedha. Halafu kuna majirani. Kihesa watajua mtoto wa kaka yake amekuja na familia akalala gesti, na watalitafsiri jambo hilo wanavyotaka wao.

Huo ndio upande wake, na sijaona hoja ya kuufuta. Wale wanaosema "zama zimebadilika, kila mtu na maisha yake" hawajaufuta, wameukwepa tu.

Sasa upande wa pili. Nilimuuliza, "Shangazi, mabinti wangelala wapi?" Akasema, "Sebuleni, kuna shida gani? Wewe mwenyewe ulikuwa unalala sebuleni kwa baba yako kila wakija wageni."

Ni kweli. Nimelala sebuleni mara nyingi sana. Nilikuwa napenda wageni kwa sababu siku hiyo inachinjwa kuku, na nilikuwa nawachukia kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi mtu mzima anakuruka kwenda chooni na wewe unatakiwa uamke umsalimie. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nakubali. Mama naye sikumbuki akiulizwa. Baba alikuwa anasema "karibuni, nyumba ni yenu", naye alikuwa anamaanisha kweli, lakini aliyeamka kukoka moto hakuwa yeye. Tunapousifia ukarimu wetu, na unastahili sifa, tuwe tunauliza umebebwa na mgongo wa nani. Mara nyingi mwenye kusema karibu na mwenye kuosha masufuria ni watu wawili tofauti.

Ndiyo maana sikubali kwamba kufikia kwa ndugu ni bure. Mkaa upo, LUKU ipo, kuku yupo, shuka za kufua zipo, na kuna masomo ya mabinti wanaojiandaa na mitihani. Mimi ningeondoka na shilingi 180,000 mfukoni nikisema nimesafiri kwa bei nafuu, wakati unafuu wenyewe nimeuhamishia kwenye bega la binti wa kidato cha tatu. Kitu kikiitwa bure, mara nyingi kuna mtu mahali ameshakilipia bila kuulizwa.

Wazee walilijua hili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962, kwenye kijitabu chake cha kuueleza Ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii ya zamani hakukuwa na nafasi ya mtu kuishi kwa jasho la wengine. Aliongeza jambo ambalo watu husahau kulitaja: kwamba yawezekana mgeni mwenyewe aliliomba jembe kabla hajapewa. Hapo ndipo penye adabu. Methali tunaitumia kama kijembe cha kumfukuza mgeni, kumbe inaweza kusomwa kama njia ya kumwokoa. Kwa jembe mkononi, mgeni anaacha kuwa mzigo bila kuacha kuwa mgeni. Tatizo la leo ni kwamba kwenye nyumba ya vyumba vitatu Kihesa hakuna jembe la kunipa. Nitapalilia nini? Ninachoweza kulibadilisha jembe nacho ni fedha, na fedha shangazi haipokei kwa mgeni. Ukimpa kwa kumtania anacheka, ukimpa kwa kumaanisha anakasirika.

Kuna mfano mwingine, wa pwani, unaoonyesha kwamba ugeni na fedha havijawahi kuwa mbali sana. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akaandika kwamba jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulifuata kwa mashua, kila mmoja na chombo cha chakula kilichofunikwa, anamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara hufikia kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia bidhaa na kumnunulia. Aliyezoea mji na kujuana na watu alikuwa huru kukaa anakotaka. Ukarimu ule ulikuwa wa kweli, chakula ni chakula, lakini kila upande ulijua unapata nini. Hata sebule, katika nyumba za kale za Waswahili, ilikuwa ni chumba cha wageni. Sisi huku tumeigeuza: mgeni anaingia chumbani, wenyeji wanalala sebuleni.

Kwa hiyo hoja ya gesti inaonekana nzuri. Nalipa, simdai mtu wala mtu hanidai, mabinti wanalala kitandani kwao. Lakini hapa ndipo linaporudi jibu la yule dada wa mapokezi. "Si mimi."

Gesti nayo ina sebule yake ambayo huioni. Ili mimi nioge maji ya moto saa kumi na moja alfajiri, mtu ameamka saa tisa usiku, kwenye baridi ileile niliyokuwa namkimbizia binti wa shangazi. Yeye ndiye aliyepokea simu, ndiye atakayefua shuka, ndiye atakayeletewa lawama blanketi likikosa harufu nzuri. Na zile shilingi 30,000 nilizookoa kwa kuomba wapunguze, sijui zimetoka mfukoni mwa nani. Bosi anaweza kusema amepunguza faida. Anaweza pia kuwa amepunguza mtu, na ndiyo maana mapokezi, jiko la kuni na ufuaji vyote ni vya dada mmoja. Mimi ninayejisifu kwamba sikumbebesha binti wa shangazi mzigo, nimembebesha binti wa mtu mwingine, ambaye naye huenda ana shangazi mahali.

Utasema yule analipwa. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa, sitaki kuidharau. Mshahara ni namna ya kumuuliza mtu kama anakubali. Anaweza kukataa, anaweza kuhama, anaweza kudai. Binti wa shangazi hana hata nafasi hiyo. Lakini mshahara ukiwa mdogo kiasi kwamba hawezi kukataa, basi kuulizwa kwake ni kwa jina tu. Iringa pana mahali panaponifanya nilione jambo hili kwa macho. Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, unawaajiri watu wenye ulemavu, na kwenye mgahawa wake wanaohudumia ni viziwi. Unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Huwezi kunywa kahawa pale ukasahau kwamba kuna mtu anakuhudumia, kwa sababu inakubidi umtazame usoni. Kwenye gesti nyingi ni rahisi kusahau. Maji ya moto yanakuwa kama yamejichemsha.

Basi kila kitanda kina gharama yake, cha ndugu na cha gesti. Swali linabaki: mgeni achague vipi?

Wanafalsafa wa Ulaya wamelizungumzia jambo la ugeni sana. Kant, katika kijitabu chake cha mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alitofautisha haki ya kutembelea, ambayo kila binadamu anayo, na haki ya kukaribishwa nyumbani, ambayo inahitaji makubaliano. Mgeni ana haki ya kutofanyiwa uadui, hana haki ya kudai kitanda. Inanisaidia kidogo. Lakini Kant alikuwa anawaza mgeni asiyejulikana anayefika kwenye nchi ya watu. Hakuwa na shangazi Kihesa. Kwetu ugumu hauko kwa mgeni asiyetakiwa. Uko kwa mgeni anayetakiwa mno.

Na Iringa inajua vizuri habari ya mgeni asiyepiga hodi. Jina lenyewe linatokana na neno la Kihehe lilinga, ngome. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikishinda kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Zelewski. Oktoba 30, 1894 Wajerumani walirudi wakaivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga, kisha wakajenga mji wao juu ya kilima, huu tunaotembelea sasa. Mkwawa akapigana msituni mpaka Julai 19, 1898, alipojipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa kikachukuliwa. Fuvu lililorudishwa kama lake likafika Kalenga Juni 19, 1954, na lipo pale kwenye kasha la kioo. Ukisimama mbele yake na watoto, unaelewa kwamba mji wa kihistoria ni mji ambao watu waliingia wakalala bila kuulizia. Nadhani ndiyo maana sipendi mtu aniambie kwamba mtalii halipi chochote zaidi ya bei ya chumba. Kuna kupiga hodi pia.

Nilipomwambia shangazi tunakwenda kuliona fuvu, alishangaa. "Kwani limebadilika?" Kwake Iringa siyo historia. Ni soko, kanisa, kaburi la mume wake na foleni ya maji. Mimi nilikuwa nakuja kuuangalia mji wake, na nadhani hilo ndilo lililomchoma kuliko kitanda. Anayelala kwa ndugu amekuja kwa watu. Anayelala gesti anaweza kuwa amekuja kwa mawe.

Huo ndio ulioniongoza kwenye jibu ninalolishikilia mpaka sasa. Safari zetu ni za aina tatu, na tunazichanganya. Kuna safari ya haja: ugonjwa, msiba, usaili wa kazi, mtoto anayeanza shule. Kuna safari ya raha. Na kuna safari ya salamu, ambayo hauendi kuomba wala kustarehe, unakwenda kuonana na watu. Nyumba ya ndugu ni kwa ajili ya haja na salamu. Shangazi akija Mbeya kliniki, hospitali ya rufaa, analala kwetu, na sitakubali kusikia neno gesti, hata kama watoto wangu watahamia sebuleni. Hapo kitanda ni sehemu ya matibabu. Lakini raha yangu, ile ya kutaka kuoga maji ya moto mapema, kurudi usiku bila kugonga mlango wa mtu, kuwapeleka watoto kwenye mawe, hiyo ninapaswa kuilipia mwenyewe. Nikiipeleka raha yangu kwenye nyumba ya mjane, ninatumia akiba iliyowekwa kwa ajili ya siku mbaya, yangu au ya mwingine wa ukoo.

Kuna pingamizi, na ni la nguvu. Ukifuata utaratibu huo, ndugu watakuona ukiwa na shida tu. Raha unaila gesti, machozi unayaleta kwao. Huo ni ubinafsi wa aina nyingine, tena mbaya zaidi kwa kuwa umevaa nguo za heshima. Nakubali. Ndiyo maana ile safari ya tatu haiwezi kuachwa. Mtu anayelipia raha yake anadaiwa salamu, na salamu hailipwi kwa kupita dakika kumi na mkono wa ndizi ukiwa na bajaji inakungoja nje. Inalipwa kwa muda. Jumapili ile tulifika kwa shangazi baada ya ibada, na tuliondoka usiku. Mke wangu alikuwa jikoni na mabinti, mimi nilitengeneza mlango wa choo uliokuwa haufungi, na shangazi alikaa akiwasimulia watoto habari za babu yao, baba yangu, alipokuwa mtundu. Mlango ule ndio uliokuwa jembe langu. Kuna mambo aliyoyasema jioni ile ambayo sidhani angeyasema kama tungekuwa siku ya tatu tumebanana kwenye nyumba, kila mtu anasubiri choo.

Je, aliridhika? Sijui kama ni neno lenyewe. Aliwaambia majirani, mbele yetu, "Wamefikia mjini, wana shughuli zao." Alituficha, kwa maneno mengine. Alitulinda sisi na akajilinda yeye. Nimeliwaza sana sentensi hilo dogo. Linaonyesha kwamba mwenyeji naye ana wajibu wake: kumwachia mgeni nafasi ya kusema hapana bila kumgeuza kuwa mtu mbaya. Na mgeni ana wajibu uleule kwa mwenyeji. Ukisema "tunakuja kulala kwako" kwa namna ambayo hawezi kukataa, hujamuuliza, umemjulisha.

Kosa lipo, nalo ni kujificha. Mtu anayeingia mji wa ndugu yake usiku, analala gesti, anaandika jina na kabila kwenye kitabu cha wageni, anapiga picha kwenye jiwe na kuondoka kimyakimya, halafu shangazi anaziona picha kwenye simu ya mjukuu. Huyo ndiye aliyesema shangazi amekufa. Mimi nikilala mita mia tano au kilometa tano kutoka kwake akiwa anajua, ni jambo jingine.

Kwa hiyo ukipanga kwenda Iringa, au mji wowote wa zamani wenye mtu wako, piga simu mbili, siku moja. Ya gesti, uulize bei, blanketi na maji ya moto, na nani anayechemsha. Ukiweza usiombe wapunguze mpaka mwisho, na asubuhi ya kuondoka mpe yule dada hela ya soda mkononi mwake, siyo kaunta. Ya ndugu, uipige kabla hujalipa chumba, umwambie ukweli, na umuulize siku gani ana nafasi. Atanyamaza. Umwache anyamaze, usimkatishe kwa sababu na visingizio. Kiswahili kinatofautisha kulala na kufikia, na mtu anaweza kulala Miyomboni akawa amefikia Kihesa. Lakini anayeamua kama umefikia ni yeye aliyekuwa anakungoja, na uamuzi huo hautoi kwenye simu.